Siku Niliyomwambia Athumani Aseme

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi za shamba la mkonge, Korogwe, nimejifunga kanga zangu mpya, nasikia kupitia dirisha jinsi mdogo wangu Athumani alivyokuwa akijiharibia kazi, nami natabasamu. Nilitabasamu kwa sababu sikujua kwamba anaharibu. Masikioni mwangu kila jibu lake lilikuwa tamu, kama mkulima anavyosikia mvua ya kwanza juu ya paa.

Wewe unayesoma huenda umepata shahada yako na unangoja kuitwa kwenye usaili. Au huenda wewe ndiye uliyemsomesha mwenye shahada. Maneno haya nawapa wote wawili, maana siku ile tulikuwa wawili, yeye ndani na mimi nje, na kosa lilikuwa la nyumba moja.

Ngoja kwanza nikueleze tulikotoka. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mvua za vuli hazijarudi. Mimi nilikuwa darasa la nne. Chini yangu alikuwapo Athumani, ambaye bado alicheza na magari ya mabua, na Mwanahamisi, ambaye alikuwa wa kubebwa mgongoni. Baba zetu wadogo walikaa kikao wakataka kutugawa, mmoja huku, mmoja kule, kama mbuzi wa mirathi. Nikasema hatugawanyiki. Ndilo neno pekee nililowahi kusema mbele ya wazee wale. Baada ya hapo niliacha shule, nikashika jembe, nikanyamaza kwa miaka mingi.

Yatima hadeki, mwanangu. Mtoto mwenye wazazi akijibu vibaya, watu husema ana hasira. Yatima akijibu vibaya, husema ndivyo walivyo wasio na baba. Hilo nililijua mapema, nikawalea wadogo zangu kwa ukimya. Mkubwa akikuuliza, tazama chini. Akikusifu, sema wenzako ni wazuri zaidi. Akikuuliza jambo unalolijua, mwambie yeye ndiye anayejua. Kwetu Uzigua huo haukuwa unafiki, ilikuwa adabu, na adabu hiyo ilitulisha. Jirani aliyekuwa na mahindi wakati wa njaa alimpa Athumani kwa sababu Athumani alijua kupokea kwa mikono miwili na kunyamaza. Mwalimu mkuu alimpigania aende sekondari kwa sababu hiyo hiyo. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, nami nilimlea akakua vile vile nilivyotaka.

Basi ilipofika ile miaka ya Ujamaa, tulikuwa tumekwisha hamia kijiji kipya, si mbali sana na Segera, na makaburi ya wazazi wetu tumeyaacha kule kwenye mahame, peke yao katika majani. Athumani akamaliza Chuo Kikuu, mhandisi wa mitambo, wa kwanza kijijini kwetu. Shirika la umma lililokuwa na mashamba ya mkonge likamwita kwenye usaili Korogwe. Mwanahamisi alikuwa ameshaolewa Mkumbara, na nyumbani nilibaki mimi na kuku. Athumani akipata kazi Korogwe, nilijiambia, kila mwisho wa juma atashuka Segera, na mimi nitasikia mtu akipiga hodi. Nilikwisha waambia majirani wote. Hata mahali pa kuweka kitanda chake nilikuwa nimepafagia.

Nikamsindikiza. Naam, nilimsindikiza mtu mzima mwenye shahada kwenye usaili wa kazi, usinicheke. Kwetu mtu akienda kuomba jambo kubwa haendi peke yake. Haendi kuposa peke yake, haendi kuomba shamba peke yake. Lazima nyuma yake awepo mtu wa kwao, ili wanaoombwa wajue hakuokotwa njiani. Baba hayupo, mama hayupo. Nani aende kama si mimi? Tulipanda basi Segera asubuhi, na njia nzima nilikuwa nikimkumbusha.

"Usijitie kujua. Na usiwakodolee macho."

"Ndiyo, dada."

"Wakikusifu?"

"Wenzangu ni wazuri zaidi."

Ofisi zilikuwa na baraza ndefu. Jirani na pale korona ilikuwa ikinguruma, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka yabaki nyuzi, na harufu ya uchachu wa mkonge ilitanda kila mahali. Tarishi akanionyesha benchi lililokuwa mkabala na dirisha, nalo dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani waliketi meneja, afisa utumishi, na msimamizi wa mafundi, mzee wa Kisambaa aliyeitwa Mbelwa, mwenyeji wa Lutindi. Kutoka nilipokaa niliweza kumwona Athumani, naye aliweza kuniona mimi.

Meneja akamwuliza, "Korona ikipoteza nguvu katikati ya kazi, utaanza kuangalia wapi?"

"Wazee wangu mmekaa nayo miaka mingi," Athumani akajibu taratibu. "Ninyi ndio mnaojua."

Nikatabasamu.

"Kwa nini tukuchukue wewe, tumwache mwenzako aliyetoka sasa hivi?"

"Mwenzangu naye ni mzuri. Pengine kunizidi."

Kifua changu kikajaa fahari.

"Na fundi wa zamani akikataa maagizo yako?"

"Nitamwomba radhi, mzee."

Ndani wakacheka. Nami nikacheka kimyakimya pale nje, nikidhani wanacheka kwa kumpenda.

Hawakumweka sana. Alitoka akakaa kando yangu. Punde Mzee Mbelwa naye akatoka, kofia mkononi. Nikainuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mama yake?"

"Dada yake. Lakini mama ni mimi, na baba ni mimi."

"Mzigua?"

"Mzigua."

"Nilijua tu! Ninyi watu wa nyika mkiona wingu mnateleka chungu, mahindi yenyewe hamjapanda."

Sisi na Wasambaa tunataniana, mwanangu, na mtani haachwi bila jibu. Nikamwambia, "Na ninyi wa milimani, mzee, kwa baridi ile nasikia kuoga mnaoga kwa zamu."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Kisha kicheko kikamwondoka usoni. Akamwambia Athumani aende akanywe maji kule bombani, naye akakaa mahali pale alipokuwa amekaa mdogo wangu.

"Binti," akasema, "kijana wako amekosa."

"Amekosa adabu?" Nilishtuka.

"Adabu anayo mpaka ya kuwagawia wengine. Amekosa kazi. Kila tulichomwuliza anatwambia sisi ndio tunaojua. Tungekuwa tunajua, tungemwita wa nini? Meneja anasema huyu hakusoma kitu. Mimi sisemi hivyo. Mimi nimemwona kila akiulizwa anatazama dirishani kwanza. Nikanyoosha shingo nione kuna nini dirishani. Nikakuona wewe."

Nilitazama chini kama nilivyowafundisha wadogo zangu. Sikuwa na jingine la kufanya.

"Ulimfundisha kunyamaza," akaendelea, sasa kwa sauti ya upole, "na ulifanya vema. Ulikuwa unamfungia fisi nje. Lakini mlango unaomfungia fisi nje ndio huo huo unaomfungia mtoto ndani, na sasa mtoto amekua. Nafasi bado haijapata mtu. Nimeomba aitwe tena juma lijalo, nao wamekubali kwa shingo upande. Safari hiyo usije. Tena kubaki nyumbani peke yake hakutoshi, kwa sababu huyu anakubeba kichwani. Kabla hajaja, mketishe mahali pa baba yake, umwulize neno, halafu umwache akujibu. Jibu likikuuma, umwache vile vile. Asiyeweza kusema mbele yako atasema mbele ya nani?"

Tulirudi nyumbani kila mtu akitazama dirisha lake. Nilikuwa na hasira, sikufichi. Nilijiuliza yule mzee alikuwa wapi miaka ile ya njaa, ambapo hapakuwa na wa kuniambia namna ya kulea. Lakini hasira nayo ni kama moto wa mabua, huwaka sana na hauivishi kitu. Kesho yake, baada ya palizi, nikafanya alivyoniambia.

Kigoda cha baba kilikuwa kimetundikwa ukutani. Tangu baba alipofariki hapakuwa na mtu aliyekikalia, hata baba wadogo walipokuja waliketi kwenye mkeka. Nikakishusha, nikakipangusa vumbi, nikakiweka katikati ya chumba. Athumani alipoingia akasimama mlangoni.

"Dada, hicho hapana."

"Kaa."

"Nitakaaje huko juu na wewe uko chini?"

"Leo mimi ndiye mdogo. Kaa, Athumani."

Akakaa ukingoni, magoti yamemjia kifuani, kama mtu aliyekaribishwa nyumba asiyoijua. Nami nikaketi kwenye mkeka. Nikamwuliza swali la kwanza lililonijia, na nililiona jepesi. "Kazi ya Korogwe unaitaka?"

"Kama unavyoona wewe, dada."

"Sikukuuliza ninavyoona mimi."

Nje kuku walikuwa wakiparua. Ulimi wangu ulikuwa ukinisumbua mdomoni kama mbuzi aliyeona zizi liko wazi. Nilitaka kumjibia, nimalize, twende tukale. Nikauzuia. Nikangoja mpaka nikachoka kungoja, nikaendelea kungoja.

"Siitaki," akasema.

Kisha, mwanangu, maneno yakaanza kumtoka, machache machache kwanza, halafu mengi. Alitaka kazi ya maji. Idara ya maji ilikuwa ikitafuta wahandisi wa kufunga pampu vijijini, na vijana waliochukuliwa walikuwa wakipelekwa mikoa ya mbali, Rukwa na Kigoma huko. Alikuwa anajua hayo tangu yuko chuoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie vipi? Umeshawaambia watu wote. Umeshafagia hata mahali pa kitanda." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Dada, kule ndani nusu ya kimya changu ilikuwa heshima. Nusu nyingine nilikuwa naogopa kwamba nikijibu vizuri watanichukua."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Ile heshima niliyompa kama nguo ya kumsitiri ilikuwa imekuwa kichaka cha kujifichia, na mtu aliyekuwa akimkwepa humo ni mimi. Nilimjua Athumani anavyokohoa, anavyovua viatu, anavyopenda kula ukoko wa ugali. Sikujua anachokitaka duniani, kwa sababu sikuwahi kumwuliza swali ambalo jibu langu halikuwemo ndani yake. Watu waliponionea huruma kwamba nyumba imepunguka walidhani upweke wangu ulianza Mwanahamisi alipoolewa. Kumbe ulianza zamani. Mtu anayekujibu ndiyo kila siku, bado hujaishi naye.

Nilitoka nje, nikaenda kusimama kwenye mbaazi. Nilijua kwamba lipo neno moja, "baki", na nikilisema Athumani atabaki. Ataitikia ndiyo, dada. Atakwenda Korogwe, atajibu maswali yao yote, atapata kazi, na mwisho wa juma atashuka Segera. Ningekuwa na mtu wa kumpikia hadi leo. Nilisimama pale nikilionja neno lile, na lilikuwa tamu kuliko neno lolote nililowahi kulionja. Kisha nikarudi ndani.

"Basi nenda juma lijalo ukawaambie hivyo hivyo," nikasema. "Usiwakimbie. Mzee Mbelwa amekuombea, na mtu aliyekuombea haachwi gizani."

Alikwenda peke yake. Siku ile nilipalilia shamba lililokwisha paliliwa. Jioni akarudi na mkungu wa ndizi begani, na uso ambao sikuuzoea, uso wa mtu aliyeshusha mzigo. Akanisimulia. Walimwuliza tena juu ya korona, na safari hii akawaeleza ataanzia wapi na kwa nini, mpaka meneja akaacha kuandika akawa anamsikiliza tu. Wakafurahi, wakamwambia wanamtaka. Ndipo aliposimama akawashukuru, akawaambia kwamba moyo wake uko kwenye maji, na kwamba si haki wamchukue bila kulijua hilo.

Meneja akakasirika. "Kumbe umekuja kutupotezea siku!"

Lakini Mzee Mbelwa akapiga meza akicheka. "Juma lililopita tulilalamika hana ulimi. Leo kaupata, tunalalamika tena? Mwacheni aende." Na alipokuwa akitoka, akamfuata nje na mkungu ule. "Kampe yule Mzigua wako. Mwambie amelea mtu. Na ndizi ale, huko kwenu nyikani najua hamna."

Nilizila, mwanangu. Zilikuwa nzuri, ingawa sikumpelekea mtani wangu salamu za kukiri hivyo.

Baada ya hapo Athumani alianza upya. Alikwenda Dar es Salaam kwa usaili wa idara ya maji, akafanya mtihani wa kuandika, akaitwa tena kuhojiwa, akapimwa afya, kisha akarudi kungoja. Kungoja kazi ni kazi nzito, na mtu hupaswa kuifanya bila kuonekana. Alinisaidia shambani, na jioni tulizungumza. Tulizungumza kweli, kama watu wawili. Aliniambia nilikuwa natia chumvi nyingi katika mchuzi, jambo alilolivumilia tangu utotoni. Nilikasirika, halafu nikapunguza chumvi. Siku zile za kungoja, ninapozipima na maisha yangu yote, ndizo nilizokuwa na mdogo wangu.

Habari ikaletwa na katibu wa kijiji. Amechukuliwa. Amepangiwa Rukwa.

Nilimsindikiza hadi Segera, pale njia zinapoachana, sikuvuka zaidi. Wachuuzi wa machungwa walikuwa wakigombania madirisha ya basi. Athumani akasimama na sanduku lake.

"Dada, una neno?"

"Sina. Wewe je?"

"Naogopa."

"Hata mimi," nikasema. Akanishika mikono yote miwili, akapanda.

Nikarudi nikasonga ugali wa watu wawili. Kesho yake nikakosea tena vile vile. Ilinichukua muda mrefu mkono wangu kujifunza kipimo cha mtu mmoja. Niliwahi kuposwa mara mbili katika ujana wangu na kukataa kwa sababu ya wadogo zangu, na sasa wadogo zangu walikuwa wamekwenda, na waposaji nao walikuwa wameoa. Jioni za vijijini ni ndefu kwa asiye na wa kumwambia kwamba mvua inakuja.

Athumani hakurudi kuishi kwetu. Alioa huko, amezeeka huko. Hunitembelea anapoweza, na watoto wake huniamkia kwa lafudhi ambayo si yetu. Alipokuwa bado kijana alikuwa akiniletea habari kila pampu mpya ilipoanza kufanya kazi, jinsi kina mama walivyocheza ngoma na kumwagiana maji. Nilifurahi. Mimi hapa niliendelea kuchota kwenye lambo miaka mingi baada ya hapo, bega moja limeinama mpaka leo. Lakini nikiwa njiani na ndoo yangu, nilikuwa nikiwafikiria wanawake wale nisiowajua, ambao safari yao ilikuwa imefupishwa na mtoto niliyemlea mimi. Kuna jioni nimejuta. Sijawahi kujuta asubuhi.

Sasa nikupe nasaha zangu, mwanangu. Ukiitwa kwenye usaili, heshima yako iweke katika salamu na katika namna unavyoketi. Katika majibu weka unachokijua. Usichokijua, sema sikijui. Hilo nalo ni jibu, na watu wazima hulithamini. Kumwambia mkubwa kwamba yeye ndiye anayejua, ilhali amekuita ili umwambie, ni kumnyima alichokuitia. Na kazi usiyoitaka usiiombe kwa kumhurumia aliyekulea. Huruma ya namna hiyo huoza taratibu, ikaja ikanuka nyumba nzima.

Na wewe uliyelea, hasa wewe uliyelea bila mtu wa kukusaidia, mfunze mtoto wako kunyamaza, kwani dunia haina subira na watoto wetu. Ila isiwe ulimwengu ndio wa kwanza kumwuliza anachotaka. Mwulize wewe, na ukishauliza ungoje, usimjibie. Jibu linaweza kukuacha peke yako. Hata hivyo atakayeondoka mlangoni pako atakuwa mtu unayemjua, na mtu unayemjua, hata akiwa mbali, huwezi kumpoteza.

Mungu akufungulie ulimi siku utakapoulizwa. Akupe kazi ambayo mikono yako inaitaka, na akupe majirani wema popote kazi hiyo itakapokupeleka. Na yule utakayemwacha nyumbani, Mungu akae naye jioni. Amina.